Waliovua na Wasiovua: Mavazi ya Japani ya Meiji na ya Zanzibar ya Sayyid Barghash

Katika harusi moja hapa Winson Green, mtaa wa magharibi ya Birmingham ambako nimekaa miaka mingi, mzee mmoja wa kwetu alikuwa akiwatazama vijana walioingia na suti na tai. Akatikisa kichwa, akasema: "Wajapani wameendelea, na wala hawakuvua nguo zao. Sisi tumevua, na maendeleo hatuyaoni." Waliokaa karibu wakaitikia. Mimi nilinyamaza, kwa heshima ya mzee na ya biriani, lakini maneno yale nilikwenda nayo nyumbani. Nimeyasikia tangu utotoni, barazani Unguja na Mombasa, na kila anayeyasema huyasema kwa yakini ileile. Makala haya ndiyo jawabu nililoshindwa kumpa siku ile.

Maneno yenyewe yana nasaba. Mwaka 1904, Japani ilipokuwa vitani na Urusi, Mustafa Kamil, kiongozi wa wazalendo wa Misri, alitoa kitabu chake juu ya Japani, al-Shams al-Mushriqa, yaani Jua Linalochomoza. Majarida ya Misri, al-Manar likiwa mbele, yalikuwa yakiwafikia wasomi wa Unguja na Lamu, na sifa za Japani zikaja pamoja nayo: taifa la Mashariki, halikutawaliwa na Mzungu, na sasa limemshinda Mzungu mmoja kwa mizinga. Kwa watu walio chini ya himaya ya wageni hoja hiyo ilikuwa dawa. Ila katika safari yake kutoka Cairo hadi kwenye baraza zetu ilishonewa kiraka, kwamba Wajapani walichukua meli na mizinga, nguo hawakuzigusa. Tarehe haisemi hivyo. Japani iliamriwa na serikali yake yenyewe kubadilisha mavazi, amri juu ya amri, katika muda wa miaka michache tu. Dola iliyochukua mitambo ikaacha nguo zake pale pale zilipokuwa ni yetu, Zanzibar. Na dola zote mbili zilikuja kuonekana katika mji huu ninaoandikia.

Birmingham ya miaka ya 1870 haikuwa mji wa majumba ya wafalme. Ulikuwa mji wa shaba, chuma, bunduki, ncha za kalamu na vifungo vya nguo. Winson Green ilikaa ukingoni mwake, ikipitiwa na mfereji uliofunguliwa 1769 kuleta makaa ya mawe mjini, na jela yake, ambayo mpaka leo ndiyo inayoutangaza mtaa huu, ilikwishafunguliwa 1849. Ukiufuata mfereji kuelekea Smethwick unafika palipokuwa na kiwanda cha kusubu chuma cha Soho, kilichofunguliwa na Boulton na Watt 1796 kutengeneza mashine za mvuke. Ukirudi upande wa mjini, barabara ya Icknield, ulikuwapo mtambo wa sarafu wa Heaton. Humo ndimo zilimopigwa rupia za 1888 za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, zenye neno Mombasa. Kwa hivyo mgeni aliyetaka kujua nguvu ya Waingereza inatoka wapi hakuishia Windsor. Aliletwa huku kwenye moshi.

Wajapani walitangulia. Msafara wa Iwakura Tomomi uliondoka Yokohama Disemba 1871, ukiwa na mawaziri na maofisa wapatao hamsini, pamoja na wanafunzi, watano kati yao wasichana. Walipita Marekani, wakaingia Uingereza Agosti 1872, na mwezi wa Novemba walikuwa Birmingham wakitembezwa viwandani. Mwandishi wa msafara, Kume Kunitake, aliyaandika yote, na 1878 taarifa yake ilitoka katika majuzuu matano yenye milango 100. Ni kazi ya mtu aliyekuja kuhesabu, si kustaajabu tu.

Ipo picha mashuhuri ya wakuu wa msafara huo iliyopigwa San Francisco mwanzoni mwa 1872. Wanne wamevaa suti. Iwakura, mkuu wao, amekaa katikati na kimono, shungi la nywele juu ya kichwa, na miguuni ana viatu vya Kizungu, na kofia ndefu ya hariri anayo karibu. Ningetaka kila anayesema Wajapani hawakuvua aitazame picha hiyo dakika tano. Mtu huyu yuko nusu ya njia. Haikupita miezi mingi, huko huko Marekani, Iwakura akakata shungi na akavaa kama wenzake. Wanawe waliokuwa wakisoma kule ndio waliomshawishi. Alipofika Birmingham alikuwa Mzungu kwa nguo.

Sayyid Barghash bin Said alifika miaka mitatu baadaye, katika ziara yake ya Juni na Julai 1875. Pamoja naye walikuwa John Kirk, balozi wa Kiingereza huko Unguja, na kasisi George Percy Badger akimfasiria Kiarabu. Baada ya London na Windsor alipelekwa miji ya viwanda: Birmingham, Liverpool, Manchester. Safari hiyo nayo ina kitabu chake, Tanzih al-Absar wal-Afkar cha Zahir bin Said, kilichohaririwa na Louis Sabunji na kuchapishwa London. Katika picha alizopigwa safarini Sayyid amevaa kama alivyovaa barzani kwake: kilemba, kanzu, joho lililotariziwa, silaha kiunoni. Hakuna kofia ndefu, hakuna kola.

Tusiharakishe kumpigia makofi, wala kumcheka Iwakura. Tuulize kwanza kila mmoja alikuwa na haja gani, na hapo ndipo inapostaajabisha namna ugonjwa wa dola hizi mbili ulivyokuwa mmoja. Japani ilikuwa imefungwa na mikataba ya 1858, na Marekani, Uingereza na wengine, ambayo kwayo Mzungu aliyetenda kosa katika nchi ya Japani alihukumiwa na balozi wake, si na kadhi wa Kijapani. Na tangu 1866 ushuru wa bidhaa zilizoingia uliwekewa kima cha asilimia 5, wenye nchi hawana ruhusa ya kuupandisha. Sasa fungua mkataba ambao Sayyid Said bin Sultan alitiliana saini na Wamarekani kule Maskati Septemba 1833: ushuru asilimia 5, na balozi wa Marekani ndiye mwamuzi wa kesi baina ya raia wake. Waingereza walipata wa kwao 1839, Wafaransa 1844. Barghash alirithi kamba ile ile, na kwake ilikuwa na fundo zaidi, kwa sababu Wahindi wengi wenye mali ya Unguja walihesabiwa kuwa raia wa Kiingereza. Na tarehe 5 Juni 1873, chini ya tishio la manowari kuizingira bandari, alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini.

Wazungu walipoulizwa kwa nini hawataki kuhukumiwa na Mjapani au Mturuki au Mwarabu, jawabu lao lilikuwa moja: sheria zenu si za watu waliostaarabika. Wajapani wakalisikia jawabu hilo wakaligeuza kuwa orodha ya kazi. Mkiwa na bunge, katiba, sheria zilizoandikwa, jela safi, jeshi la sare, na wakuu wanaovaa kama sisi, mtakuwa kama sisi. Nguo ilikuwa mstari mmoja katika orodha hiyo, tena mstari rahisi kuliko yote, maana suti hushonwa kwa wiki moja na katiba kwa miaka ishirini.

Basi zikaanza amri. Mwaka 1871 samurai waliruhusiwa kukata shungi na kutembea bila panga. Mwaka huo huo Mfalme Meiji alitoa tamko la kulaumu mavazi ya baraza ya zamani, akisema yanaonyesha ulegevu, wala siyo mavazi ya mababu wapiganaji. Mwishoni mwa 1872 nguo za Kizungu zikafanywa kuwa vazi rasmi la sherehe za serikali. Machi 1873 Mfalme mwenyewe alikatwa nywele, na mwaka huo akapigwa picha na Uchida Kuichi akiwa na sare ya kijeshi yenye vifungo vya dhahabu. Mpiga picha huyo huyo, mwaka mmoja kabla, alimpiga akiwa na mavazi ya kale. Machi 1876 samurai wakakatazwa kabisa kuchukua panga hadharani. Hata kalenda haikunusurika: kuanzia tarehe 1 Januari 1873 Japani iliacha miezi ya mwandamo ikahesabu kwa jua.

Na wapo waliokataa kwa damu. Oktoba 1876, katika mji wa Kumamoto, kikundi cha samurai waliojiita Shinpuren walishambulia kambi ya jeshi jipya usiku, wakiwa na panga na mikuki, kwa kuwa bunduki waliiona ni unajisi wa kigeni. Walikufa wengi wao. Mwaka uliofuata Saigo Takamori, ambaye mwenyewe alikuwa katika waliosimamisha serikali ile, aliongoza uasi mkubwa zaidi akashindwa. Waliowashinda walikuwa wana wa wakulima waliovishwa sare kwa sheria ya kuandikishwa jeshini ya 1873. Mzee wangu wa harusini angewapenda Shinpuren. Lakini hao ndio walioshindwa, na si haki kuwachukua walioshindwa tukasema ndio Japani.

Hapa inanipasa niseme kitu juu ya vifungo, kwa sababu nakaa katika mji uliovifanya vingi pengine kuliko mji wowote wa zama zile. Kimono haina kifungo. Inafungwa kwa mshipi. Kanzu ya zamani nayo, ukiacha kishada na kitanzi cha shingoni, haina haja nacho. Mtu aliyezoea nguo inayoning'inia na kukunjwa akivishwa nguo inayobana na kufungwa, hujifunza upya namna ya kukaa, kupanda ngazi, hata kwenda haja. Fukuzawa Yukichi alilijua hilo. Mwaka 1867 alitoa kijitabu chenye picha akieleza nguo za Wazungu moja moja, ipi ya ndani na ipi ya juu, na vyakula vyao na nyumba zao pia. Neno la Kijapani la kifungo ni botan, na limetokana na Kireno, kama leso yetu ilivyotokana na Kireno. Mreno alipita kote kuwili, akaacha kitambaa kwetu na kifungo kwao.

Mwaka 1883 ni mwaka wa kuusimamia. Katika mwaka huo Barghash alijenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari ya Unguja, kwa nguzo za chuma na baraza za kuzunguka, jumba refu kuliko yote pwani. Mwaka huo huo, Novemba, Wajapani walifungua Rokumeikan mjini Tokyo, jumba lililochorwa na Mwingereza Josiah Conder kwa ajili ya kuwakaribisha wageni. Majumba yote mawili yalijengwa ili Mzungu aone. Lakini angalia alichoonyeshwa ndani. Rokumeikan alionyeshwa mawaziri na wake zao wakicheza dansi za Ulaya, wanawake na magauni yaliyobana kiuno na kuvimba nyuma. Beit al-Ajaib alionyeshwa saa, taa na samani, na bendi ya Wagoa ikimpigia. Ila mwenye nyumba na majohari walitoka kumpokea na majoho na vilemba, kahawa na sherbeti zikipitishwa kwa taratibu ya barza.

Barghash hakuwa adui wa mambo mapya. Alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi mpaka mjini. Aliweka mtambo wa uchapaji uliotoa vitabu vya fiqhi, Qamus al-Sharia kikiwa kimojawapo. Kuanzia 1877 alimwachia Lloyd Mathews, ofisa wa manowari wa Kiingereza, amfunzie jeshi jipya lenye sare za Kizungu. Zingatia hili: askari alivishwa suruali na koti, Sayyid hakuvaa. Japani ilianzia kichwani ikashuka. Zanzibar ilianzia miguuni, na kichwa kikabaki na kilemba chake.

Sababu haikuwa ukaidi. Kwa Barghash nguo ilikuwa shahada ya mambo ambayo Mjapani hakuwa nayo. Joho lile lilimfunga na Oman, na maulamaa wa Kiibadhi waliokuwa nguvu yake tangu ujana, na nasaba ya Al Busaid. Alitawala Waarabu, Waswahili, Wahindi, Wangazija na watu wa bara, na kila mmoja alimtambua mfalme kwa umbo lile. Meiji alipovaa sare aliwaambia Wajapani wote: sisi sote ni jeshi moja. Lau Barghash angevaa sare ya vifungo, angekuwa amewaambia nani, na nini? Pengine wangeliona kuwa amekuwa mtu wa balozi.

Na alikuwa na jeraha la ndani kuhusu nguo. Dada yake, Sayyida Salme, aliondoka Unguja 1866, akabatizwa akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete. Mwaka huo wa 1875 aliposikia kaka yake yuko London alikwenda, akitaka wasuluhishwe. Hawakuonana. Mwenyewe anaeleza katika kumbukumbu zake za 1886 jinsi Waingereza, kwa mkono wa Sir Bartle Frere, walivyomzuia kwa ahadi. Kwa hiyo katika mji mmoja, siku zile zile, walikuwamo watoto wawili wa Sayyid Said: mmoja na kilemba, akipigiwa mizinga, mmoja na gauni la Kizungu, mjane, akingojea mlangoni. Nikisoma habari hiyo huwa sioni tena suala la nguo kuwa dogo.

Sasa turudi kwenye hesabu ya mzee. Je, suti zililipa? Mkataba mpya baina ya Uingereza na Japani ulitiwa saini London Julai 1894 na ukaanza kazi 1899. Mahakama za mabalozi zikafutwa. Uhuru kamili wa ushuru ukaja 1911. Tangu shungi la Iwakura kukatwa hadi saini hiyo ni miaka 22, na katikati yake kuna katiba ya 1889, sheria mpya, reli, viwanda, na jeshi lililokuwa karibu kuingia vitani na Uchina. Rokumeikan haikuleta mkataba. Mazungumzo ya 1887 yalivunjika huku dansi zikiendelea, watu wakakasirika, na jumba likaanza kuonekana aibu. Kwa upande wetu, 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara na kumwachia Barghash ukanda wa pwani wa maili 10, akafa 1888, 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Kiingereza, na tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ilipiga kasri kwa muda usiotosha kupika wali. Kanzu haikuyaleta hayo. Japani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 30 wanaosema lugha moja na kulipa kodi kwa serikali moja. Sayyid alikuwa na forodha, karafuu na madeni. Ukiwavalisha suti wazee wote wa Unguja wa 1875, hesabu hiyo haibadiliki hata senti. Mfalme wetu aliyelelewa ndani ya kola ngumu za Harrow, Sayyid Ali bin Hamud, alijiuzulu 1911, mwaka ule ule Japani ilipopata ushuru wake.

Lakini hayo yote ni habari za wakubwa. Chini yao, Japani na kwetu, watu walikuwa na vita vyao vya nguo.

Zama za Tokugawa mkulima alikatazwa hariri, mfanyabiashara alipimiwa rangi, na panga mbili kiunoni zilikuwa za samurai peke yake. Ulimtambua mtu kabla hajafungua kinywa. Serikali ya Meiji iliwaruhusu watu wa kawaida kuwa na majina ya ukoo 1870, na 1871 ikafuta kwa sheria unyonge wa wale walioitwa najisi. Kwa watu hao kofia ya Kizungu, hata ikivaliwa juu ya kimono, haikuwa kuiga. Ilikuwa nguo ya kwanza isiyosema baba yako alikuwa nani. Ndiyo maana picha za miaka ile zimejaa kimono na kofia za mviringo, miavuli ya Kizungu na viatu vya mbao.

Unguja vilevile. Mtumwa alivaa kaniki au kipande cha merikani. Viatu na kufunika kichwa vilikuwa vya waungwana. Lamu na Mombasa mwanamke wa kiungwana alitembea ndani ya shiraa iliyobebwa na wajakazi, yaani hata sitara yake ilihitaji watu wa kuibeba. Robo ya mwisho ya karne ile ikaleta kanga, na Aprili 1897 hali ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba. Wanawake waliokuwa na kaniki jana wakaingia dukani na pesa zao kuchagua kanga, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kuvaa buibui, vazi la sitara ambalo kila mtu aliweza kulibeba mwenyewe. Wanaume wakachukua kanzu na kofia, na waliosoma wakaongeza koti juu ya kanzu, na tarbushi. Koti juu ya kanzu ni ndugu wa damu wa kofia juu ya kimono.

Kuhusu wanawake Japani ilikuwa na kauli mbili. Mwanamume aliambiwa kata nywele. Mwanamke aliyezikata kwa hiari yake alikatazwa na serikali 1872. Kisha 1886 Malkia akatokea na gauni la Ulaya, na Januari 1887 akatoa waraka wenye hoja ya kupendeza: nguo za Kizungu zina sehemu ya juu na ya chini kama vazi la kale la Kijapani, kwa hiyo kuzivaa ni kurudi kwenye asili, lakini zishonwe kwa vitambaa vya nchini. Daktari wa Kijerumani Erwin Baelz alimwonya Ito Hirobumi kuwa gauni la kubana kiuno litawadhuru wanawake. Ito, ambaye naye alikuwamo katika msafara wa Iwakura, alimjibu kwa maana kwamba daktari haelewi mahitaji ya siasa. Mwili wa mwanamke ukawa karatasi ya kuandikia mkataba.

Hawakuandikika kirahisi. Mwaka 1925 mtafiti Kon Wajiro alisimama na wenzake mtaa wa Ginza, Tokyo, wakahesabu wapita njia. Wanaume 67 kwa mia walivaa Kizungu. Wanawake: mmoja kwa mia. Ginza, mtaa wa fahari kuliko yote, miaka 39 baada ya gauni la Malkia! Mwaka huo huo Uturuki ikapiga marufuku tarbushi, ambayo nayo Sultan Mahmud II aliamrisha ivaliwe 1829 kuwa alama ya mambo mapya. Kwa hiyo mzee wangu ana nusu ya haki. Nyumba ya Kijapani ilibaki na kimono muda mrefu sana, mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ila waliyoibakiza ni wanawake, na mara nyingi bila kuulizwa. Na waliosifiwa kwa maendeleo ni wanaume waliovua.

Sitaki kuficha kwamba mimi mwenyewe naenda kazini na koti la vifungo, na Ijumaa nalivaa lile lile juu ya kanzu, maana baridi ya Birmingham haijui siasa. Wake zetu hapa hufanya kinyume: kanga ndani, koti zito juu. Nje, kwenye Soho Road, maduka ya vitambaa yamepangana, na siku za harusi hupati pa kuegesha gari.

Marehemu mama aliniachia sanduku la kanga. Nimezitazama pindo zake moja moja. Baadhi ya zile za zamani, zenye rangi ambayo haijapauka mpaka leo, zina maandishi madogo sana ya kiwandani kwamba zimetengenezwa Japani. Si ajabu. Tangu miaka ya 1930, kwa kuwa mikataba ya Bonde la Kongo ilikataza kubagua bidhaa za taifa lolote katika Afrika Mashariki, nguo za pamba za Kijapani zilijaa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja kwa bei ambayo Manchester haikuiweza. Merikani yenyewe ikawa inatoka Japani, jina likabaki la Marekani. Na baada ya vita viwanda vya Kijapani vikachapa kanga kwa michoro na maneno waliyotumiwa na wafanyabiashara wa pwani, kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye alama yake ya Mali ya Abdulla kila mama anaijua. Wachapaji hawakusoma Kiswahili. Walinakili herufi moja moja kama walivyotumiwa, na mara nyingine herufi ikageuka, na kanga ikauzwa hivyo hivyo.

Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020. Rokumeikan ilibomolewa zamani, 1941. Ile kanga ya mama, ya rangi nyekundu, nilimpa binti yangu siku ya harusi ile ile, akajifunga juu ya gauni alipokwenda jikoni kusaidia kupakua biriani.